Kabla ya kusema sera ya viwanda imefaulu: ninavyoipima korosho

Ripoti yangu ya kwanza kuhusu ubanguaji wa korosho ilisahihishwa na mama mdogo, tena kabla sijafika ukurasa wa tatu. Nilikuwa nimerudi Newala na rasimu mkononi. Nilikuwa nimejumlisha ajira za vituo vitatu vya kubangulia na kupata idadi iliyonifurahisha, nikaanza kumsomea. Akanikatiza: “Mwanangu, na mimi umenihesabu mara ngapi?”

Alikuwa amefanya kazi katika vituo vyote vitatu ndani ya msimu mmoja. Cha kwanza kiliishiwa korosho mapema, akahamia cha pili. Cha pili kilichelewesha malipo, akaenda cha tatu. Kwenye daftari za vituo alikuwa wabanguaji watatu. Nyumbani alikuwa mtu mmoja, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda.

Nililifuta jedwali lile nikaanza upya. Ninayoeleza hapa ndiyo njia ninayoifuata sasa kila nikiletewa dai kwamba sera fulani ya viwanda imeleta ajira, imekuza mauzo ya nje, au imeiwezesha nchi kushindana. Ninamwandikia mtafiti anayeanza, mwandishi wa habari za uchumi, ofisa mipango wa halmashauri, na pia mjumbe wa chama cha msingi cha ushirika anayetaka kujua ushuru anaokatwa unafanya kazi gani. Nitatumia korosho kwa sababu ndiyo nimekua nayo, lakini hatua zenyewe zinafaa kwa ngozi, pamba au alizeti.

Andika sera kwa sentensi moja

“Serikali inahamasisha viwanda” haipimiki. Kinachopimika ni chombo: ushuru, mkopo nafuu, marufuku, ardhi, umeme, mafunzo. Andika chombo ni kipi, kilianza lini, kinamgusa nani, nani anakilipia, na kilitakiwa kubadilisha nini.

Kwa korosho ninaandika hivi: anayesafirisha korosho ghafi nje ya Tanzania hulipa ushuru wa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa, ili korosho nyingi zaidi zibanguliwe nchini. Ukishaandika hivyo unaona kwamba swali halihusu “uchumi wa viwanda” kwa jumla. Linahusu tani ngapi zimebanguliwa ambazo zisingebanguliwa bila ushuru huo, na gharama yake imebebwa na nani. Kazi nzima imelala kwenye neno “zisingebanguliwa”.

Ingekuwaje bila sera?

Njia anayoikimbilia kila mtu ni kulinganisha kabla na baada. Inadanganya kuliko njia nyingine zote ninazozijua.

Chukua historia yetu wenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Katikati ya miaka hiyo vilijengwa viwanda vikubwa vya ubanguaji, 12 kwa jumla, kwa mikopo ya nje. Mtu akichora mistari miwili kwenye grafu moja anaweza kusema viwanda viliua korosho, na grafu haitampinga. Lakini katika miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei anayolipwa mkulima ilididimia, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia ukaunguza maua. Wazee wa Newala wanasimulia mashamba yaliyorudi kuwa msitu hadi nguruwe pori wakahamia. Mashine zilifungwa kusubiri korosho ambazo hazikuwapo tena. Kosa la sera ile unaliona pale unapouliza malighafi ingetoka wapi, na swali hilo halimo kwenye mistari miwili ya grafu.

Mfano wa karibu zaidi ni mavuno ya tani 313,000 ya msimu wa 2017/18, ambayo yalishuka hadi tani 225,000 hivi msimu uliofuata. Nini kilisababisha? Katikati ya mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, na asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha, iliyokuwa ikienda kuendeleza zao, ikaelekezwa mfuko mkuu wa serikali. Novemba mwaka huohuo, baada ya wanunuzi na wakulima kushindwana bei, Rais Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Hali ya hewa nayo ina sauti yake kila mwaka. Mabadiliko matatu makubwa yakiangukia msimu mmoja, hakuna ulinganisho wa kabla na baada utakaoyatenganisha. Ukiona ripoti imeyatenganisha kwa mistari miwili tu, irudishe kwa mwandishi.

Basi unafanyaje? Unatafuta pacha: mtu, kiwanda, mkoa au zao linalofanana sana na lile lililoguswa na sera, ila lenyewe halikuguswa. Mapacha halisi ni adimu, na ndiyo maana tafiti nzuri za sera ya viwanda zinahesabika. Kuna mbili ninazowafundisha vijana kwa sababu namna zilivyompata pacha inaeleweka bila hesabu nzito.

Ya kwanza ni ya mwanauchumi Réka Juhász, iliyotoka mwaka 2018. Mwaka 1806 Napoleon aliifungia Uingereza biashara na bara la Ulaya. Hakufanya hivyo kwa ajili ya viwanda vya pamba, alikuwa vitani. Kufuli lile halikubana sawa kila mahali: kaskazini mwa Ufaransa nyuzi za Kiingereza zilipanda gharama mno kufika, kusini magendo yaliendelea kupita. Ikawa kana kwamba kaskazini imewekewa ukuta wa ushuru na kusini haikuwekewa, ndani ya nchi moja, chini ya sheria moja. Kaskazini ikaongeza mashine za kusokota pamba kuliko kusini, na baada ya vita kwisha na ukuta kuondoka tofauti ile haikufutika. Hicho ndicho kipimo cha haki cha hoja ya “tulinde kiwanda kichanga mpaka kikue”: ondoa ulinzi uone kama kinasimama.

Ya pili ni ya mwanauchumi Nathan Lane kuhusu Korea Kusini. Mwaka 1973 Rais Park Chung-hee alitangaza kusukuma viwanda vizito: chuma, metali nyingine, meli, mashine, elektroniki na kemikali. Msukumo huo ulikwisha baada ya yeye kuuawa Oktoba 1979. Lane alilinganisha viwanda vilivyochaguliwa na visivyochaguliwa, akaanza kwa kuonyesha kwamba kabla ya 1973 makundi yote mawili yalikuwa yakienda mwendo unaokaribiana. Hatua hiyo usiiruke kamwe; pacha aliyekuwa ameshaanza kukimbia kabla ya sera si pacha. Baada ya 1973 vilivyochaguliwa vilikwenda kasi zaidi, na havikurudi nyuma msukumo ulipokwisha. Tena viwanda vilivyonunua bidhaa zao, kama watumiaji wa chuma, navyo vilinufaika.

Nina angalizo moja kuhusu Korea, kwa sababu nimeona mfano huu ukipigiwa debe mno huku kwetu. Mikopo nafuu iliyokwenda kwenye chuma na meli ilitoka mahali. Kama viwanda vya nguo vilikosa mkopo kwa sababu chuma kimechukua, basi pacha amedumazwa na sera ileile, na tofauti kati yao itaonekana kubwa kuliko faida halisi ya nchi. Ukilinganisha kata iliyopewa kiwanda na kata jirani, jiulize vivyo hivyo: kiwanda kimeleta kazi mpya, au kimewavuta wabanguaji wa kata ya jirani? Mama mdogo alikuwa ananieleza jambo hilihili.

Uingereza nako, utafiti wa ruzuku kwa kampuni za maeneo yaliyo nyuma kiuchumi ulikuta ajira zimeongezeka kwenye kampuni ndogo, na kwenye kubwa hakuna kilichobadilika. Hivyo matokeo yako yagawe kwa ukubwa wa kiwanda kabla hujatoa wastani.

Pacha wa korosho

Nimejaribu kadhaa. Mbaazi zilinivutia kwa sababu hulimwa na kaya zilezile na kupita barabara zilezile, na hazina ushuru wa aina ile. Lakini Agosti 2017 India iliwekea kikomo uingizaji wa mbaazi, bei ikaanguka, na ulinganisho wangu wa miaka hiyo ukafa. Ufuta ni afadhali, ingawa hauna kiwanda cha kufanana.

Pacha bora yuko ng’ambo ya Ruvuma. Msumbiji iliwahi kuongoza dunia kwa korosho. Katikati ya miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ilipunguza ushuru wa korosho ghafi, wakati viwanda vyake vikubwa ndiyo kwanza vimebinafsishwa. Hoja ilikuwa kwamba mkulima atapata bei nzuri. Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walipokaa kuhesabu, walikuta nyongeza kwa kaya ya wastani inayolima korosho haikuweza kuzidi dola 5.30 kwa mwaka. Viwanda vilifungwa na maelfu wakapoteza kazi. Sehemu ya nafuu ilibaki kwa wafanyabiashara wa kati.

Ninausoma utafiti ule mara kwa mara kwa sababu haumpi ushindi mtu yeyote. Anayependa ushuru ataona viwanda vilivyokufa. Anayeuchukia ataona kwamba viwanda vile vilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Mimi naona jambo la kupima ambalo wengi hulikosa: kati ya bandari na shamba, nani anabaki na pesa? Kwetu, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza msimu wa 2007/08, korosho huuzwa kwa mnada kupitia vyama, kwa hiyo mgawanyo si ule wa Msumbiji. Huwezi kuchukua dola 5.30 ukaileta Tandahimba.

Fanya hesabu ya tani moja

Kabla ya programu yoyote ya takwimu, chukua karatasi. Bei ninazotumia hapa ni za kufundishia tu. Wewe weka za msimu wako.

Tani moja ya korosho ghafi ikibanguliwa vizuri hutoa kilo 230 hivi za korosho karanga, yaani punje zilizotolewa ganda. Tuseme ghafi inauzwa bandarini dola 1,200 kwa tani, na karanga dola 6.50 kwa kilo. Karanga za tani moja zitaleta dola 1,495. Kubangua kumeongeza dola 295, na humo lazima vitoke mishahara, kuni au umeme, mifuko, riba na faida.

Sasa weka ushuru. Asilimia 15 ya 1,200 ni 180, ambayo inazidi 160, kwa hiyo ndiyo inayolipwa. Msafirishaji wa ghafi hawezi tena kutoa zaidi ya dola 1,020 mnadani. Mbanguaji naye atanunua kwa 1,020, kwa hiyo nafasi yake imetoka 295 hadi 475. Kama gharama zake zote ni dola 400, anapata faida ya 75. Bila ushuru angepata hasara ya 105. Kwa hiyo kiwanda kinasimama, na zile 180 zinazokisimamisha zimetoka kwa mkulima.

Usiishie hapo. Tuseme kati ya tani 100 zinazouzwa, tani 10 tu zinabanguliwa nchini. Bei ya mkulima imeshuka kwa tani zote 100, yaani dola 18,000. Mbanguaji amepokea 1,800. Dola 16,200 zimekwenda serikalini. Tathmini inayozungumzia viwanda peke yake inapima sehemu moja ya kumi ya sera. Dola hizo 16,200 zikirudi shambani kama salfa ya kupulizia mikorosho, miche na utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, basi huenda mkulima amerudishiwa kwa njia nyingine. Zisiporudi, hiyo ni kodi ya kawaida iliyopewa jina la viwanda. Lazima ufuate pesa hizo kwenye vitabu vya bajeti, mwaka kwa mwaka, maana kama ulivyoona, mgawanyo ulibadilishwa mwaka 2018.

Hesabu hii imewahi kunigombanisha na watu wa pande zote mbili, na bado naiweka ukurasa wa kwanza.

Takwimu, na mahali zinapoteleza

Kwa biashara ya nje tumia hifadhidata ya Umoja wa Mataifa ya Comtrade. Namba ya korosho zenye ganda ni 080131, na zilizobanguliwa ni 080132. Usizijumlishe kamwe: tani moja ya ghafi na tani moja ya karanga ni vitu viwili tofauti kabisa. Kisha angalia pande zote mbili, yaani Tanzania inasema imeiuzia India kiasi gani, na India inasema imenunua kiasi gani kutoka Tanzania. Pengo dogo ni la kawaida kwa sababu ya meli zilizoko njiani na nauli. Pengo kubwa ni habari.

Mtego uliowanasa wengi niliowasimamia ni wa kalenda. Huko Mtwara na Lindi korosho huanza kuuzwa Oktoba na kuvuka mwaka mpya, lakini Comtrade inahesabu Januari hadi Desemba. Ukilinganisha takwimu za Bodi ya Korosho, ambazo ni za msimu, na za Comtrade bila kuzipanga upya kwa miezi, utaona kupanda na kushuka ambako hakukutokea.

Halafu kuna kangomba. Mnunuzi wa kangomba huja kijijini njaa inapobana, ananunua kwa bakuli kabla ya mnada, na korosho zile huuzwa baadaye kwenye chama kingine kwa jina lingine. Nyingine huvuka Ruvuma. Ndiyo maana mavuno ya kijiji kimoja nayaamini kidogo, ya wilaya kiasi, ya mkoa zaidi.

Kushindana maana yake nini hapa

Neno “ushindani” hutumika ovyo. Mimi hulipima kwa mambo manne: gharama ya kubangua kilo moja, asilimia ya karanga zinazotoka nzima (vipande huuzwa bei ya chini), riba ya mkopo, na siku ambazo kiwanda kinafanya kazi kwa mwaka.

La mwisho ndilo zito. Tangu 2006 Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kuuza karanga za korosho, na sehemu kubwa ya korosho inazobangua inazinunua Afrika. Inanunua za Afrika Magharibi zinazovunwa mwanzoni mwa mwaka, inanunua zetu mwishoni mwa mwaka, na juu ya hizo ina za kwake na za Kambodia. Mashine hazilali. Mbanguaji wa Newala anazo wiki chache za minada kununua korosho za mwaka mzima, kwa mkopo, kisha azilipie riba zikiwa zimelala ghalani. Asipopata mkopo anabangua miezi mitatu na kufunga lango. Wakina mama wanakwenda kutafuta kituo kingine.

Kwa hiyo kabla ya kusema ushuru umeshindwa au umefaulu, uliza kama ulilenga kikwazo chenyewe. Kama kikwazo ni fedha za kununua malighafi kwa mkupuo, ushuru wa asilimia 15 unapunguza bei ya gunia lakini hauongezi siku za kazi hata moja. Mimi naamini kwa wabanguaji wadogo hiki ndicho kikwazo kikuu, na ndicho ningekijaribu kwanza: kutoa mkopo wa ghala kwa vikundi vilivyochaguliwa kwa kura kati ya vyote vilivyoomba, kisha kulinganisha waliopata na waliokosa. Kura ni haki, na inakupa pacha bila kumtafuta.

Ukienda vijijini

Barua ya utambulisho ya taasisi yako huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, kisha kata, kisha mwenyekiti wa kijiji. Tenga siku za kutosha, na usiruke ngazi.

Usimuulize mbanguaji “umeajiriwa?” Muulize alifanya kazi wapi mwezi Novemba, Desemba, Januari, hadi umalize mwaka, na alilipwa kwa kilo au kwa siku. Muulize pia angekuwa anafanya nini kama kituo kisingekuwapo. Mmoja atasema angelala nyumbani, mwingine atasema angekuwa shambani kwake akipalilia, na hao wawili hawawezi kuingia kwenye hesabu kwa thamani moja. Nenda alasiri, baada ya zamu, tena nenda na mwanamke, kwa sababu kuna mambo ya malipo hawatayasema mbele ya msimamizi wala mbele ya mwanamume mgeni.

Matokeo yasomeni kijijini kabla hayajapigwa chapa. Mara ya mwisho nilikaa kwenye ghala la chama cha msingi, mikeka imetandikwa, nikawaonyesha jedwali la bei. Mzee mmoja alinyanyua mkono akasema, kwa upole, “Binti yangu, bei hiyo ni ya mnadani. Sisi tunapokea baada ya makato.” Akayataja moja moja: usafiri, ghala, ushuru wa chama, ushuru wa halmashauri. Katibu akaleta daftari la malipo, tukakaa na kalamu hadi jua likazama, na safu ile ya jedwali ikabadilika yote.